Kiu ya Bwawa la Tope

Siku ya tatu tangu waanze kulikamua tope la bwawa la zamani, maji hayakutimia.

Mtu mwingine asingeligundua jambo hilo. Mashine ya kukamua ilikuwa ikinguruma kama kawaida yake, mabamba yake ya chuma yamebanana, na kila ilipofunguliwa tope lililokauka lilidondoka chini vipande vipande. Lakini mwanamke aliyekuwa akiiendesha zamu ya asubuhi alikuwa na mazoea ya kusoma mita mbili, ile ya tope linaloingia na ile ya maji yanayotoka, na siku hiyo mita hizo ziligoma kupatana. Tope liliingia jingi, maji yakatoka machache. Akadhani bomba limepasuka. Akaizunguka mashine nzima akipapasa viungo vya mabomba kwa mkono mtupu, vyote vikavu. Akaligeukia tope lenyewe akitarajia kulikuta bado bichi, maana maji yasipotoka hayana pengine pa kukaa ila humo humo. Akavunja kipande kwa vidole. Kilikuwa kikavu kuliko alivyowahi kuona, kikavu hadi kikawa unga, na unga ule ukapeperuka kabla haujafika sakafuni.

Msimamizi wa zamu alipoitwa alikuna kisogo, akasema mita ni mbovu, akaandika hivyo kwenye daftari lake na kwenda kunywa chai.

Wenzake walimwita yule mwanamke Chujio, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu uongo haukumpita kirahisi. Habari ya mita hakuiamini. Hata hivyo alinyamaza, kwani alikuwa na sababu zake za kutotaka mtu yeyote aisimamishe kazi ya bwawa lile.

Makaa ya mawe yakitoka mgodini huja na udongo na vijiwe, kwa hiyo lazima yaoshwe. Maji ya kuoshea hubaki na vumbi laini mno, jeusi, lisilotaka kuzama wala kuelea, na kwa miaka thelathini kiwanda kilikuwa kikiyamwaga bondeni nyuma ya ukuta wa udongo. Ndivyo bwawa lilivyozaliwa. Halikuwa maji ambayo mtu angeogelea, wala halikuwa ardhi ambayo angekanyaga. Sasa ukuta ulikuwa umeanza kuvuja, na chini yake kulikuwa na nyumba za watu, ndipo ikaamuliwa bwawa likaushwe. Tope lilivutwa kwa pampu hadi kwenye tangi kubwa la duara, likatiwa dawa ya kugandisha ili vumbi lishikane na kutuama, kisha likasukumwa kwenye mashine ya Chujio na kubanwa kati ya vitambaa vigumu mpaka maji yake yatoke meupe na kubaki bamba jeusi, ambalo wafanyakazi waliliita mkate. Malori yalikuja kuibeba mikate hiyo kwenda kuifukia mbali.

Mume wake Chujio alikuwa ndani ya bwawa hilo.

Alikuwa fundi pampu. Miaka minne iliyopita, saa nne asubuhi, jua linawaka, chelezo kilichobeba pampu kilipinduka yeye akiwa juu yake amepiga magoti, spana mkononi. Waliokuwa ukingoni walisema hakupiga kelele. Tope lilifunguka, likafunga. Hakuna mzamiaji aliyekubali kuingia, kwa hiyo walimtafuta kwa miti mirefu na kulabu siku nane, na siku ya tisa kampuni ikasema inatosha. Chujio wakati huo alikuwa na mimba ya miezi sita. Hakukuwa na maiti ya kuosha wala kaburi la kuchimba, na mama mzazi wa fundi aliwarudisha mlangoni watu wote waliokuja kutoa pole.

"Msiba wa nani?" aliwauliza. "Nionyesheni mtu wangu kwanza."

Kwa hiyo Chujio alipoomba ahamishiwe kwenye mashine ya kukamua, msimamizi alielewa anachokitafuta, akajaribu kumkatalia kwa upole. Alimwambia kuna watu wa kusimama pale penye wavu wa vyuma, ambako vitu vikubwa hunaswa kabla ya pampu, na kwamba kikionekana chochote ataitwa. Chujio alisema hataki kuitwa. Mumewe akitoka humo, alitaka apokewe na mtu wake mwenyewe.

Ndiyo maana alinyamaza juu ya maji. Lakini siku zilizofuata hali ilikuwa ile ile. Tope likiingia, maji hayatoki, na mikate inatoka mikavu kama majivu. Vitambaa vya kuchujia, ambavyo siku zote hunuka ubichi na dawa, vilianza kunuka kitu kingine, harufu ya pango lililofungwa muda mrefu. Na wafanyakazi wote wa zamu ile walikuwa wakinywa maji kupita kiasi. Walifanya mzaha, wakasema mwaka huu kampuni inaosha makaa mchana na matumbo ya watu jioni, wakacheka, wakajaza tena vikombe.

Nyumbani, Chujio aliishi na mkwewe na bintiye wa miaka mitatu na nusu, kwenye nyumba ya vyumba viwili na ukumbi mdogo. Mama mkwe alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, basi, lakini nyumba ile aliijua kwa viganja, na mtoto alilelewa mikononi mwake tangu siku aliyozaliwa. Katika miaka minne ile hakuwahi kumtaja mwanawe kama marehemu. Akimzungumzia alisema "akirudi."

Wiki ya pili ya kukamua bwawa, Chujio alirudi saa nane mchana akakuta pipa la maji la jikoni, alilolijaza mwenyewe alfajiri hadi juu, limekauka. Si kwamba maji yamekwisha. Limekauka, hata ukungu wa kijani uliozoea kukaa chini umebanduka kama ngozi ya nyoka. Mama mkwe alikuwa ameketi ukumbini amevaa gauni lake la kutokea, amechana nywele, uso umekunjuka. Alisema kulikuwa na mgeni. Alikuja mchana jua likiwa utosini, akavua buti mlangoni kama mtu aliyefunzwa adabu, akaomba maji. Akapewa. Akaomba tena. Chujio akauliza ni mgeni gani. Bibi akasema amwache apumzike, watazungumza.

Sakafuni, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha mbao kilichokuwa cha fundi, kulikuwa na nyayo za miguu mitupu za vumbi jeusi. Chujio alizifuta kwa kitambaa kibichi. Kitambaa kikakauka mkononi mwake kabla hajamaliza unyayo wa kwanza.

Kesho yake alikwenda kazini, na kesho kutwa, na kila aliporudi pipa lilikuwa kavu na mama mkwe ana furaha. Furaha ile ndiyo iliyomfunga mdomo. Tangu aolewe hakuwahi kumsikia mama yule akiimba, na sasa alimkuta akimwimbia mtoto wimbo wa kuchezea magoti, sauti ikikwaruza, midomo imepasuka kama ardhi ya kiangazi.

Siku ya kumi na nane kitambaa kimoja cha mashine kilichanika, kazi ikasimama, wakaruhusiwa kuondoka saa tano. Chujio aliingia uani kwa mlango wa nyuma. Jua lilikuwa kali, kuku wa jirani wamejibanza kivulini, hakuna sauti mtaani. Alikuwa ameshagusa mlango wa ukumbi aliposikia mkwewe akiongea, akisimulia kwa utulivu jinsi mtoto alivyoota meno yake ya kwanza, na alipokuwa akijiuliza anamsimulia nani, yule anayesimuliwa akacheka, kicheko kifupi cha kooni ambacho alikuwa amelala nacho kitanda kimoja miaka sita, ambacho angekitambua katikati ya soko, ambacho alikuwa ameanza kukisahau na kujilaumu kwa kukisahau, na akakaa pale pale kizingitini mgongo ukiegemea mlango, akasikia kiti cha mbao kikilalamika chini ya uzito wa mtu, akasikia kikombe kikiwekwa mezani kitupu, akaisikia harufu ya bwawa ikipenya chini ya mlango na kumpanda mgongoni, na hakuingia. Angeweza kuingia. Mlango ule haukuwa na kufuli. Alijua tu kwamba akiingia ataona, na akiona atakosa hata hicho kicheko.

Kisha ile sauti ikamwita kwa jina alilokuwa akimwita chumbani tu, jina ambalo hata mama mkwe hakulijua.

"Umerudi mapema," ikasema kwa upande wa pili wa ubao.

Chujio alijaribu kumeza mate, hakuwa nayo. Katika maswali yote aliyoyabeba miaka minne, lililotoka ni moja.

"Ulitusikia tulipokuwa tunakutafuta?"

"Niliwasikia," sauti ikajibu. "Mlikuwa juu yangu. Nilihesabu hatua zenu."

Akaziba mdomo kwa mikono miwili ili mtoto asimsikie akilia. Ndipo akagundua kwamba mashavu yake ni makavu. Kifua kinaruka, na macho hayatoi kitu.

Kuanzia siku hiyo alitafuta visingizio vya kuondoka mapema kazini. Alikaa kizingitini, ubao kati yao, akasikiliza. Mara nyingine aliuliza jambo, mara nyingine alinyamaza tu. Sauti ilikumbuka kila kitu, rangi ya shuka waliloanzia maisha, ugomvi wao juu ya redio, jina walilopanga kumpa mtoto akiwa wa kike. Mwisho wa kila mazungumzo iliomba maji. Akaenda bombani akachota, akaisukuma ndoo ndani bila kutazama, na ndoo ikarudi kavu. Alijua anafanya jambo baya. Alijua hivyo kama mlevi anavyojua, akiwa njiani kwenda kilabuni.

Aliyemzindua ni mtoto.

Binti alijikwaa uani akaanguka na kuchubuka magoti yote mawili. Akalia kama watoto wanavyolia, mdomo wazi, uso umekunjamana. Chujio alimnyanyua na kumfuta uso, na hapakuwa na cha kufuta. Akatazama magoti. Ngozi ilikuwa imetoka, nyama inaonekana, wala damu haikutoka. Akambana ngozi ya mkono kidogo kwa vidole viwili na ikabaki imesimama vile vile, kama karatasi iliyokunjwa. Akamuuliza bibi mara ya mwisho mtoto alikojoa lini. Bibi akafikiri muda mrefu, akasema hakumbuki.

Kule zahanati daktari alishtuka, akamtundikia dripu mara moja. Chupa ya kwanza ilikwisha kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Akatundika ya pili na ya tatu, akakagua mpira, akakagua sindano, akatazama chini ya kitanda kama kuna maji yaliyomwagika. Mtoto alibaki mkavu vile vile, ulimi umekuwa mweupe. Daktari alimvuta Chujio kando akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anaweza kuendelea kumtia maji, lakini hajui maji hayo yanakwenda wapi.

Chujio alijua.

Mtu aliyemwendea alikuwa mchimba visima, mzee mrefu mwenye mabega yaliyopinda. Ndiye aliyeongoza ule utafutaji wa siku nane, na watu walisema ana elimu ya vitu vinavyokaa majini, ingawa mwenyewe hakujitangaza. Alimsikiliza Chujio hadi mwisho bila kumkatiza, akinoa jembe lake. Kisha akasema kwamba maji yaliyoachwa yatulie miaka thelathini hayakosi mwenyewe. Jini lililoingia pale lilikuwa la kukaa kimya. Siku zile alipokuwa akichokoa kwa mti alihisi kitu kikiusukuma mti wake pembeni taratibu, kama mtu anayeondoa mkono wa mwenzake. Aliona aibu kulisema hilo mbele ya watu wa kampuni.

"Sasa mnalikamua," akasema. "Nyumba yake mnaipitisha kwenye vitambaa, maji huku, udongo kule. Wewe ungefanyaje? Limekaa na mumeo miaka minne, limejifunza kila alichokuwa nacho, pamoja na njia ya kwenda kwake. Limekuja pale ambapo mlango uko wazi."

Chujio akamwomba alifukuze. Mzee akatikisa kichwa. Alisema yeye anaweza kulibeba, kulifukuza hawezi. Jini la namna hiyo hukaa kwa kuitwa. Yuko mtu mle ndani anayeliita kwa jina la marehemu kila siku, na kila likiitika linaota mizizi. Mtu huyo huyo ndiye anayepaswa kulikana, kwa kinywa chake, mbele yake. Akauliza ni nani anayeliita.

Chujio alisema yeye hajawahi kulitaja lile jina pale mlangoni. Alitaka sana, lakini lilimkwama. Basi mzee akajua ni nani.

Walirudi pamoja saa sita mchana. Mzee alibeba beseni la bati lililojaa tope la bwawa, alilolichota kwenye kidimbwi cha mwisho kilichobaki kabla pampu haijakifikia. Alibaki uani, Chujio akaingia. Mama mkwe alikuwa peke yake ukumbini, kiti cha mbao mbele yake kikiwa kitupu bado. Alikuwa amekonda siku zile hadi mikono imekuwa vijiti, na alipogeuza shingo ilitoa sauti ya majani makavu. Chujio alipiga magoti akamweleza yote, kuhusu mtoto, dripu, na maneno ya mchimba visima. Alitarajia ubishi. Bibi alimsikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Nilijua," akasema. "Siku ya kwanza tu nilijua. Nilimwita aje nimpapase, akaja, nikaweka mkono kifuani pake. Hakikupanda wala kushuka. Mama anaweza kudanganywa na sauti, mwanangu. Kifua nilikilalisha mwenyewe."

"Sasa kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nikiita, linaitika." Akakigeukia kile kiti kitupu. "Miaka minne naita chumba kitupu. Na wewe je? Unadhani sikusikia ukikaa pale nje ya mlango?"

Chujio akainamisha kichwa kwenye mapaja ya mama yule, na vidole vikavu vikampapasa nywele. Wakakaa hivyo mpaka wakasikia buti zikivuliwa mlangoni, moja, kisha ya pili, zikipangwa ukutani kwa utaratibu.

Hakukimbia. Safari hii aliangalia, kwa sababu alimwazia mtoto. Kilichoingia kilikuwa na urefu wa mumewe na mwendo wake wa bega moja kushuka, lakini kilikuwa cheusi pote, vumbi lililoshikana, lenye nyufa kama mikate ya mashine inapoanza kuvunjika, na katika kila ufa kulikuwa na giza tu, na kila kilipopiga hatua unga ulidondoka na kurudi mahali pake, na hewa ya ukumbini ikakauka hadi mbao za dari zikaanza kupasuka moja moja, na midomo yake Chujio ikachanika, na macho yakamuuma kila alipojaribu kuyafumba, na kile kitu kikaketi kwenye kiti cha fundi na kuweka viganja magotini kama fundi alivyokuwa akifanya akichoka, kikageuza mahali penye uso kuelekea kwa bibi.

"Mama," kikasema, "nina kiu."

Ilikuwa sauti ya fundi ya ukubwani. Kisha kikasema tena, na ikawa sauti ya kijana, kisha ya mtoto mdogo mwenye homa anayeamka na kutafuta mkono wa mama yake. Mkono wa bibi ulinyooka wenyewe kuelekea kwenye jagi la maji lililokuwa mezani. Ukafika. Ukabaki hapo juu ya jagi kitambo, halafu ukarudi mapajani.

"Mwanangu alikufa," mama mkwe akasema.

Kiti kililia.

"Mwanangu amekufa. Alizama saa nne asubuhi nikiwa nafua nguo zake, na nguo zile nikazianika, nikazikunja, nikaziweka. Wewe si yeye. Umenitunzia sauti yake, nakushukuru. Ila jina lake nalichukua. Hutaitwa nalo tena hapa."

Akalia. Mwanzo ilikuwa pumzi tu, kavu, ya kukwaruza, kisha tone moja likatoka kwenye jicho la kulia, lile lenye utando mzito zaidi, likashuka polepole kwenye shavu lililopasuka. Kile kitu kilimtazama, au kilielekea kumtazama. Hakikunguruma wala hakikumrukia mtu. Kilijikunja kitini taratibu na kuanza kusambaratika, buti mlangoni zikaanguka, na mstari wa vumbi ukatambaa sakafuni, ukapita mbele ya magoti ya Chujio, ukatoka nje juani kwenda kwenye beseni. Ulipopita, alisikia jina lake la chumbani likitajwa kwa mara ya mwisho, kwa unyonge, bila swali ndani yake.

Mzee alifunika beseni kwa turubai. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na shimo refu la mgodi wa kale lililojaa maji na kuzungushiwa waya, lisilotumiwa na mtu. Wakaenda yeye na Chujio, wakaikata waya, wakamimina. Maji ya shimo yakameza tope bila kiputo. Mzee akasema hapo litatulia, maadamu hakuna wa kuliita.

Alfajiri ya kesho yake, pale zahanati, Chujio aliamshwa na ubaridi. Alikuwa amelala kitanda kimoja na bintiye, na shuka lote lilikuwa limelowa mkojo. Alilikumbatia shuka lile akalia mpaka muuguzi akaja kuuliza kulikoni.

Mama mkwe hakunawiri tena. Alidai msiba ukaliwe, ukakaliwa. Watu wakaja, wengine wakishangaa kuitwa msibani baada ya miaka minne, wakaketi na kusema maneno yanayosemwa. Alilia siku zote tatu kama anayelipa malimbikizo. Miezi miwili baadaye akafa usingizini, mtoto akiwa kwapani.

Pampu ilifika kwenye sakafu ya bwawa mwezi huo huo. Ilikuwa udongo mgumu wa manjano, safi, umefagiliwa. Chujio alishuka mwenyewe akautembea wote, kutoka ukingo hadi ukingo, msimamizi akimsubiri juu kofia mkononi. Hapakuwa na mfupa, kifungo, wala spana. Mikate yote ilikuwa imeshafukiwa, na hakuna aliyeweza kumwambia ni ipi iliyombeba mumewe. Akaacha kazi, akapata nyingine kwenye duka la nguo, mbali na kiwanda.

Mtoto akakua. Alipotimiza miaka saba akaandikishwa shule, akaleta fomu nyumbani. Palikuwa na mstari wa jina la baba. Chujio aliuacha hadi mwisho. Alijaza kila kitu, akafunga mlango wa mbele, akafunga na dirisha, kisha akaliandika lile jina kwa herufi ndogo, kwa haraka, midomo imebanwa, akaikunja fomu na kuiweka kwenye mkoba wa shule. Katika nyumba ile jina hilo halikuwa limetamkwa tangu siku ya beseni. Binti alijua tu kwamba alikuwa na baba, fundi, na kwamba alikufa majini.

Alikuwa jikoni akisugua sufuria aliposikia sauti ya binti ukumbini. Mtoto alikuwa katika msimu ule ambao watoto husoma kila kinachopita mbele ya macho, vibao vya barabarani, maandishi ya sabuni, magazeti ya kufungia. Alikuwa anasoma kwa silabi, kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Alisoma jina la shule. Akasoma jina lake mwenyewe, akacheka. Kisha akaanza jina linalofuata, silabi ya kwanza, silabi ya pili.

Chujio alifika akiwa na povu hadi viwikoni, akamziba mdomo kwa kiganja kabla ya silabi ya mwisho. Mtoto alitoa macho. Wakabaki hivyo katikati ya ukumbi, mmoja amemshika mwenzake, povu likidondoka sakafuni. Ilikuwa mchana mweupe. Nje, jirani alikuwa akikung'uta mkeka. Bomba la uani lilidondosha tone, likanyamaza. Chujio alisikiliza, akasikiliza tena, na muda ulipita mrefu kabla hajatambua kwamba alikuwa anangoja kuitikiwa.